Makoti Manne Ukutani

Kila ninapoingia mahali nahesabu milango, halafu watu, halafu narudia. Mke wangu anauita ugonjwa. Mimi nauita elimu. Kabla sijapata nafasi ya chuo Marekani niliuza mashati ya mitumba Kariakoo kwa miaka minne, na pale ukihesabu mara moja tu umemhesabia mwizi. Hesabu ya pili ndiyo yako.

Kwa hiyo Jumapili ile ya Januari, tulipoinama kupita kwenye mlango mfupi wa hoteli ya zamani ya Kiskoti, nje kabisa ya mji, nilihesabu. Milango mitatu: tulioingilia, wa jikoni, na mwingine mwembamba karibu na mahali pa moto, wenye komeo la chuma. Watu kumi na tisa, pamoja na sisi wanne. Sisi wanne ni mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na miwili, na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amebakiza siku tisa arudi Njombe.

Hizo siku tisa ndizo zilizokuwa zinaninyima raha. Mama alikaa kwetu Apple Valley, Minnesota, miezi mitatu. Siku anapanda ndege kuja, ndugu zangu wanne walinipigia simu wote kwa pamoja, na kaka mkubwa akasema kwa niaba ya kikao: "Tunakukabidhi mama mzima. Tunamtaka mzima." Ilisemwa kwa kucheka, lakini mimi najua kicheko cha kaka yangu kinavyoishia. Tangu siku hiyo nikawa namtazama mama kama mtu aliyeazimwa gari la watu. Akishuka ngazi, nipo nyuma. Akikohoa usiku, naamka na kuketi kitandani.

Na sasa nilikuwa nimemtoa nyumbani mwenyewe, kwa mikono yangu, katika siku ya baridi kuliko zote za majira yale, kwa sababu ya kadi ya bure.

Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Krismasi tulipiga bahati nasibu pale kazini, mimi nikapata kadi ya chakula cha mchana, mlo kamili, watu wanne, kwenye hoteli hiyo. Nilijaribu kuibadilisha na waya za kuchajia betri ya gari alizopata Mkenya mmoja wa zamu ya asubuhi. Akanicheka.

"Boss, peleka mathe akakule vizuri. Waya si uko nazo?"

"Ninazo pea moja tu."

"Kwani una magari ngapi?"

"Moja. Lakini waya zikikatika?"

Akaondoka akicheka. Kadi ilikuwa inakufa mwisho wa Januari, na Jumapili ya mwisho ndiyo ikaangukia baridi ile. Tulitoka kanisani tukaelekea kaskazini, tukavuka mito miwili, tukaupita mji wa Champlin, nyumba zikaanza kuachana, halafu zikaisha. Dashibodi ilionyesha hasi tisa, na hizo ni digrii za Kimarekani, ambazo hasi yake si mchezo. Simu yangu ilikuwa na vijiti viwili vya mtandao, kikabaki kimoja. Nikaanza kuhesabu magari tunayopishana nayo, ili gari likizima nijue tutasubiri muda gani kabla hajapita mtu. Hesabu haikunifurahisha.

Mama alikaa mbele, ndani ya koti la zambarau nililomnunulia mtaa wa Cedar-Riverside baada ya kumrudia mama mmoja wa Kisomali mwenye duka siku tatu mfululizo, mpaka akaniambia chukua, unanifukuzia wateja. Koti lilimfika kwenye visigino.

"Mnaiogopa baridi kama simba," mama alisema. "Kwetu mwezi wa saba barafu inaunguza majani ya chai na watu wanakwenda shamba."

"Mama, hii ni nyingine."

"Baridi ni baridi, baba."

Sikubishana. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu kimya kimya: katika miezi mitatu, ukijumlisha dakika zote alizokuwa nje, kutoka mlangoni hadi kwenye gari na kutoka kwenye gari hadi kanisani, hazifiki kipindi cha kwanza cha mpira. Mama hakuwa ameiona baridi ya huku. Alikuwa ameichungulia dirishani.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mawe. Waskoti waliokuja zamani kukata mbao ndio walioijenga, na magari ya farasi yalikuwa yakilala hapo njiani. Dari chini, mihimili myeusi, pembe za kulungu ukutani, na vitambaa vya mirabamiraba, vyekundu na vyeusi, kila mahali. Mama akasimama katikati ya chumba akavitazama.

"Kumbe Wamasai walifika mpaka huku."

Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka nusu. Nilikuwa nawatazama watu wengine kumi na tano, wazee wa mashambani wenye kofia, wakitutazama sisi, na nikawa napima kama ni macho ya salamu au ya swali. Yalikuwa ya salamu. Lakini mtu huwezi kujua hilo mapema, na woga wangu haungoji ushahidi.

Tukatundika makoti kwenye misumari ya ukutani: jeusi langu, la kijivu la mke wangu, la njano la mtoto, la zambarau. Manne. Tukakaa. Mama akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko viatu vyake vyeusi vya kanisani vyenye kisigino kifupi. Akavua mabuti ya theluji, akayasukuma chini ya meza, akavaa viatu. Alikuwa akifanya hivyo kila tunapofika popote. Kwetu Njombe mtu hutembea na ndala kwenye matope, na viatu vizuri amevibeba, anavivaa akishafika. Mabuti ni ya njiani. Sisi tulikuwa tumefika.

Binti mhudumu alikuja, msichana mwenye mashavu mekundu, akaanza kutueleza chakula cha siku kwa sauti ya muuguzi mwenye sindano. Kuna supu ya kondoo na shayiri. Halafu kuna kile chakula maarufu cha Kiskoti, na angependa kutuambia mapema kilichomo, maana wengine hushtuka: moyo na ini la kondoo, vimekatwakatwa vikachanganywa na nafaka na vitunguu, vikapikwa ndani ya tumbo.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nikamtafsiria.

"Sasa ananiomba radhi ya nini? Alete."

Akala sahani yake yote, akaongeza nusu ya sahani ya mjukuu wake. "Mke mwenzangu," akamtania mjukuu, "hujui kula wewe. Hiki ndicho chakula cha kwanza cha watu tangu nifike nchi hii." Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, maana miezi mitatu yote yeye ndiye aliyepika.

Kando ya moto alikuwa amekaa bibi mmoja kwenye kiti cha mbao, nywele nyeupe kabisa, fimbo mapajani. Mhudumu alituambia ndiye mama wa mwenye hoteli. Aliletwa kutoka Uskoti akiwa bibi harusi, na kila Jumapili huja kuketi pale, huzunguka akisalimia meza moja moja, kisha hurudi kwake. Alipofika kwetu mama alisimama. Akakunja magoti kidogo, akampa mikono yote miwili.

"Kamwene, mama."

Ile ndiyo salamu ya kwetu. Bibi akajibu kitu ambacho mimi, na miaka yangu kumi na miwili ya Kiingereza cha Marekani, sikukishika. Kiingereza chake kilikuwa na kokoto ndani. Mama alikielewa, au aliamua kwamba amekielewa. Akavuta kiti, bibi akaketi. Akamkatia kipande cha nyama, akamsogezea sahani. Wakaanza kuongea, kila mmoja lugha yake, wanashikana mikono, wanacheka mahali pamoja. Nilisikia mama akimsimulia kifo cha baba. Nikaona bibi akitikisa kichwa na kuonyesha picha ndogo ya mwanamume kwenye mkufu wake. Nikageuka pembeni. Mambo hayo hayakuwa yangu.

Basi hapo ndipo nilipofanya kosa.

Mhudumu alikuja na kuniambia kwamba kadi yangu haina kitindamlo. Nilisoma kadi. Nikaisoma tena. Imeandikwa mlo kamili. Nikamuuliza, kwa upole, mlo usio na mwisho unakamilikaje. Akasema sheria si yake. Nikasema basi tumwone mwenye sheria. Nikamfuata hadi kaunta, karibu na mlango mkubwa, akatoka mwenye hoteli, jitu la ndevu nyekundu zilizoanza kuota mvi, akajifuta mikono, akanitazama, na macho yake yakaangaza. Nikajua mara moja: huyu naye ni wa kwetu. Huyu anapenda bei.

Aliniambia kamili maana yake ni supu na sahani kubwa. Nikamuuliza kama nyumba ikiwa na ukuta na sakafu bila paa ni kamili. Akasema atanipa vitindamlo viwili, tugawane. Nikasema watu wanne, midomo minne. Akasema vitatu, mtoto ale na mama yake. Nikamwambia anamjua mtoto wangu? Alicheka akipiga kaunta kwa kofi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi woga ulinitoka mwilini. Nilikuwa Kariakoo. Tuliendelea kama dakika kumi, na mwishowe akanyoosha mkono: vinne, keki ya tende yenye mchuzi wa sukari, kimoja kimoja kwa kila mtu.

Nilirudi mezani kama niliyeshinda kesi. Binti yangu alikuwa peke yake, anatazama simu.

"Bibi yuko wapi?"

"Chooni na mama, labda." Binti yangu hujibu kwa Kiingereza siku zote. Kiswahili anakisikia chote, ila hakimtoki.

Nikatazama ukutani. Makoti manne. Nikahesabu tena, manne. Nikakaa, nikashusha pumzi: koti lipo, kwa hiyo mwenyewe yumo ndani. Nikachukua kijiko.

Mke wangu akatoka chooni. Peke yake.

Nikatazama kiti cha kando ya moto. Kitupu, na fimbo haipo. Nikainama chini ya meza. Mabuti ya mama yalikuwa pale, yamesimama pamoja, kama yanangoja ruhusa. Nikayatazama makoti manne ukutani, na kile kitu kilichokuwa kimenituliza sekunde chache nyuma kikanigeukia. Koti lipo. Mwenyewe hayupo.

"Bibi alikuambia nini?" Nilimshika mtoto bega, kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

"Alisema anamsindikiza yule bibi mwingine."

"Anamsindikiza wapi?"

"Sijui, baba. Nilidhani mpaka mlangoni."

Mtoto wangu amezaliwa huku. Huku mgeni unamfikisha mlangoni, unampungia mkono, unafunga joto lisitoke. Nilimwangalia nikakosa la kumlaumu, kwa sababu sikuwahi kumfundisha. Kwetu kumsindikiza mtu hakuishii mlangoni. Unatoka naye, mnaongea, mnapita shamba la jirani, mnashuka bonde. Na si wewe unayechagua pa kugeukia. Mgeni ndiye anayesimama na kukuambia, "Basi, rudi." Kabla hajasema, ukigeuka umemfukuza. Bibi yule alikuwa amekuja mezani kwetu, amekaa, amekula kwenye sahani yetu. Kwa hesabu ya mama alikuwa mgeni wetu. Na hakukuwa na mtu yeyote katika jimbo zima la Minnesota aliyemwambia bibi huyo kwamba kuna neno anatakiwa kulisema.

Nilimkimbilia mwenye hoteli. "Mama yako anaishi wapi?"

Akaonyesha kwa kidole, bado anatabasamu kwa ajili ya keki. "Ng'ambo ya ziwa. Wakati wa baridi hukatiza juu ya barafu, ndiyo njia fupi. Amezoea..." Halafu akaona mabuti mkononi mwangu na koti la zambarau begani. Tabasamu likafa. "Ana nini miguuni?"

"Viatu vya kanisani."

Alichukua funguo za lori lake. Akasema barabara inazunguka ziwa, yeye atafika upande wa pili kwa lori, mimi nipite nyuma. Mke wangu alikuwa ameshaanza kupiga simu ya dharura, simu moja sikioni, ya pili mkononi. "Nenda," aliniambia. "Nenda, nenda, nenda."

Nilifungua ule mlango mwembamba wenye komeo.

Baridi ya hasi tisa haikugusi, inakushika. Nywele za puani ziliganda kwa pumzi ya kwanza. Jua lilikuwa limeshagusa miti, na huku Januari jua huzama mapema; likigusa miti halikawii. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo za watu wawili, sambamba. Za kwanza zilikuwa na meno, buti la mtu anayejua nchi yake, na kando yake kitundu cha fimbo. Za pili zilikuwa nyororo, ndogo, na nyuma ya kila moja shimo dogo la kisigino, kama mtu aliyetembea huku akipiga chapa. Zilishuka mteremko. Zikafika kwenye ziwa. Hazikusimama.

Nina miaka kumi na miwili hapa na sijawahi kukanyaga ziwa. Wenzangu kazini huendesha magari juu ya barafu, huitoboa, huketi juu yake na kuvua samaki, na kila mwaka hunialika, na kila mwaka nawauliza kama wameipima. Wanasema wameipima. Nawauliza kama wameipima mara mbili. Sasa nilisimama ukingoni, koti la mama begani, na mwili wangu wote ukakataa. Maji ni maji, hata yakijifanya sakafu. Nikaona vile vishimo vya kisigino vikienda mbele, kimoja baada ya kingine. Kama barafu ilimbeba yeye, itanibeba na mimi, isipokuwa mimi ni mzito zaidi. Nikaweka mguu.

Nilihesabu hatua. Ishirini, thelathini. Ziwa likanguruma. Sauti ndefu, ilitoka mbali ikapita chini ya miguu yangu ikaenda zake, kama bati kubwa linaburutwa kuzimu. Nikaanguka kwa magoti. Nimeambiwa baadaye kwamba barafu hulia hivyo inapozidi kuwa nene, kwamba ni dalili nzuri. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo pale.

Nilianza kuomba, na aibu yangu ni kwamba nilianza kwa dau la chini, kwa mazoea. Nikamwambia Mungu, nipe mama akiwa mzima, na mimi sitabishana bei ya kitu chochote mwezi mzima. Ziwa likanguruma tena. Nikasema mwaka. Nikasema keki zote nne, sitaki, zirudishwe. Halafu nikaacha, nikabaki nasema "mama" tu, kila hatua, na hapo hesabu ya hatua ikanipotea. Sikuwahi kupoteza hesabu tangu Kariakoo.

Katikati ya ziwa upepo ulikuwa umefagia theluji yote. Barafu tupu, nyeusi, inang'aa. Nyayo zikaisha. Nilizunguka kama kuku. Nikaona kitu cheusi kwenye ukingo wa theluji, nikakimbia, nikateleza, nikakifikia kwa tumbo. Kiatu. Kimoja. Cha kushoto. Ndani kilikuwa kimeshaganda kama kopo.

Nilikaa pale na kiatu kile mkononi. Sijui ni muda gani. Nilifikiria namna ya kumwambia kaka yangu, nikatafuta sentensi ya kwanza, nikakuta hakuna sentensi ya namna hiyo katika lugha ninayoijua. Nilifikiria dakika kumi zangu za kaunta. Vitindamlo vinne. Nilifikiria kwamba kama ningekubali viwili, ningekuwa nimerudi mezani mama bado anafunga kilemba. Mahali pa jua palikuwa pamebaki mstari mwekundu tu, na vidole vyangu nilikuwa sivisikii, na mimi nilikuwa na koti na mabuti.

Ndipo taa za lori zikawaka upande wa pili wa ziwa, zikamulika moja kwa moja juu ya barafu. Katikati ya mwanga huo kulikuwa na mtu mmoja mpana, mwenye vichwa viwili, anatembea polepole kuja upande wangu.

Nikahesabu vichwa. Viwili. Nikahesabu tena.

Walikuwa wamejifunika kitambaa kimoja cha mirabamiraba, wameshikana viuno. Miguuni mama alikuwa na mabuti makubwa ya mwanamume, yaliyomfika magotini. Niliwafikia kwa kutambaa na kukimbia. Nilitaka kusema mengi.

"Unalia nini?" mama akauliza. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Silii. Ni upepo."

"Umekiona kiatu changu?"

Nikamwonyesha.

"Nilimwambia mwenzangu, mwanangu atakiona. Huyo haachi kitu."

"Mama, ungekufa! Kwa nini hukurudi?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini hakwenda uchi. "Hakuniambia rudi. Nilimsubiri aniambie. Tumepita nyuma ya nyumba, kimya. Tumefika kwenye maji haya magumu, kimya. Nikasema labda kwao wanasema mbali. Tumefika mpaka kwake! Ndipo akaniona mguu, akapiga kelele, akanivalisha viatu vya marehemu. Nikajua sasa ataniambia. Wala. Akavaa tena koti, akaanza na yeye kunisindikiza." Akageuka akamtazama bibi kwa heshima kubwa. "Kumbe wana mila."

Bibi alikuwa anahema, ameegemea fimbo. Aliniambia, na safari hii nilimwelewa, kwamba hana simu nyumbani, maana ile aliyonunuliwa na mwanawe hakuipenda akaikataa, na kwamba angewezaje kumwacha mgeni arudi peke yake juu ya barafu? Nilimvalisha mama koti la zambarau juu ya kila kitu. Mwenye hoteli akatufikia kutoka upande wake, akamshika mama yake mkono, ndevu zimejaa barafu, akaanza kumgombeza, na nikasikia kwamba ugomvi wake ni wangu ule ule, neno kwa neno, kwa Kiingereza chenye kokoto.

Tukawa tumesimama hivyo, wana wawili na mama wawili, giza linaingia, barafu inanguruma. Nikamvuta mama. Hakuvutika.

"Twende, mama."

"Sasa yeye atarudi na nani?"

"Na mwanawe! Huyo hapo!"

"Mwanawe kaja kumchukua. Mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza."

Na akapiga hatua, kwa mabuti ya marehemu, kuelekea upande wa pili tena.

Nimebishana bei na watu wa mataifa mengi, lakini pale nilijua sina la kupunguza. Nikamgeukia bibi. Nikamwambia kwa Kiingereza, haraka: "Tafadhali. Kuna neno. Mama yangu hawezi kugeuka mpaka uliseme wewe. Sema: rudi."

Bibi alinitazama, akamtazama mama. Akatoa mkono kwenye kitambaa, akaushika mkono wa mama.

"Rrrudi," alisema.

Mama akakunja magoti kidogo. "Haya, asante sana. Usiku mwema, mama." Akageuka papo hapo, akashika mkono wangu, akaanza kutembea kuelekea hotelini kama mtu aliyemaliza kazi. Kitambaa kilibaki mabegani mwake. Nilitaka kukirudisha, bibi akanipungia fimbo kama anayetisha mbuzi.

Hospitali walituambia dakika chache zaidi na tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe kama mshumaa, halafu vikavimba, halafu vikauma, na daktari akafurahi vilipouma. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikivihesabu. Kumi. Nikavihesabu tena. Mama aliuvuta mguu ndani ya shuka akaniambia nina wazimu. Keki nne za tende mke wangu alikuwa amezibeba kwenye kasha. Zilikaa kwenye friji siku mbili, hakuna aliyeweza kuzitazama, mpaka mama akazila zote.

Kwa ndugu zangu alijieleza mwenyewe, kwenye simu ya pamoja. "Niko mzima. Nimepungukiwa ukucha mmoja." Kaka alianza kuniuliza ilikuwaje, mama akamkatiza: "Nilikuwa namsindikiza mtu." Kaka akasema aa, na hakuuliza tena. Kwake jambo lilikuwa limeeleweka.

Kwa kawaida watu wangu nawashusha uwanja wa ndege nje, kando ya barabara, gari linanguruma, kwa sababu maegesho ya pale ni wizi. Siku ile niliegesha. Nikaingia naye hadi kaunta, nikamwomba binti wa shirika anipe kibali cha kumpeleka mama mpaka mlango wa ndege. Akasema vibali ni vya wasindikizaji wa watoto na wagonjwa. Nikamwonyesha bandeji. Akasema hicho ni kidole. Nikamwambia ni vidole vitatu. Tulibishana, foleni ikarefuka nyuma yangu, watu wakaanza kukohoa, na sikuona haya hata kidogo. Ile ahadi ya ziwani nilikuwa bado naiheshimu dukani, lakini hii haikuwa bei. Akaandika karatasi akanisukumia.

Nilimshika mkono kwenye ngazi zinazotembea, kwenye foleni ya kuvua viatu, kwenye ule ukumbi mrefu kupita kiasi. Woga ulikuwa umerudi wote, na haukuwa na baridi ndani yake wala ziwa. Mlangoni mwanamume mwenye redio alichukua tiketi ya mama, akanionyesha mstari wa njano sakafuni. Nikauvuka kidogo. Mama alikuwa amejifunga kile kitambaa cha mirabamiraba juu ya koti la zambarau. Alitembea kama hatua sita ndani ya handaki lile la kwenda kwenye ndege, nilizihesabu, kisha akageuka akaniona bado nimesimama mbele ya mstari.

"Basi, rudi," alisema. "Ukija zaidi ya hapo itabidi na mimi nikusindikize."